Taa Nyekundu ya Skolastika

Miaka thelathini na miwili nilikuwa mtu wa ishara
kwenye stesheni ambako reli inaishia.
Nyekundu kwangu ilikuwa neno moja, halina kisawe:
simama.
Kisha narudi nyumbani Katubuka, namkuta mke wangu
kwenye Datsun yake ya mwaka sabini na sita,
nyekundu inamkodolea macho toka dashibodi
na yeye anaimba.

"Hiyo taa," namwambia.
"Ina wivu tu hiyo. Ipuuze."
Kesho yake akaja na plasta kutoka Maweni,
ile ile ya vidonda, rangi ya maharage,
akaiziba kwa kidole gumba, basi.
Wakunga hawana muda wa kubishana na balbu.

Lakini hendibreki hakuiamini.
Pale mteremkoni penye nyumba yetu
alikuwa na jiwe lake, jeusi, ubavu mmoja bapa.
Akizima injini hushuka
akalisukuma mbele ya gurudumu kwa teke moja la kandambili,
hata saa tisa za usiku, hata mvua ya masika.
Nikilala nililisikia: *kwa*.
Ndipo nilipojua amerudi, na mtoto wa watu kazaliwa.

Leo Jumamosi, mwezi wa nne tangu tumpeleke Kasulu.
Nimeibandua plasta. Haikutaka.
Nimezungusha ufunguo, na nyekundu ilikuwa bado macho
kama mlinzi ambaye mwenzake hakuja kupokea zamu.

Nimemwita Hamimu, mjukuu wa Songoro,
kwa ajili ya vidole vyake; vyangu vimevimba viungo.
Skrubu mbili zilitoka, ya tatu ikakatika kichwa.
Tukavua kile kisketi cha ngozi
kinachouvaa mkono wa breki, na mle ndani:
shilingi tano isiyonunua kitu,
magamba ya dagaa,
pini ya nywele,
uzi wa kufungia kitovu, haujatumika,
na mawese, yameganda, yamekuwa lami.

Nalikumbuka dumu lile.
Tulitoka nalo Simbo, barabara mbovu,
na mimi ndiye niliyelifunga vibaya.
Nikasema ni yeye.
Hakubisha. Alifuta viti kwa kanga, akaendesha.

Swichi yenyewe ni kitu kidogo, unaweza kukiona aibu:
waya mmoja, kipini mithili ya punje ya mtama.
Ukishusha breki, mkono unakibonyeza, umeme unakatika, taa inalala.
Ukiinua, kinachomoza, umeme unagusa bodi, taa inaamka.
Hamimu akachomoa waya: giza.
Akaugusisha bati: nyekundu.
"Babu, balbu haina kosa. Waya hauna kosa."
Naam.
Kipini kiligandia nje ndani ya mafuta yangu,
na kila mkono uliposhuka, kibati ndicho kilichopinda.
Miaka kumi na tisa taa ile ilisema kweli,
si juu ya breki yake.

Tukailoweka swichi kwenye petroli, kifuniko cha chupa ya soda.
Nikapiga msasa mpaka shaba ikaona haya.
Hamimu akanyoosha kibati kwa koleo, ulimi nje.
Tukarudisha.

Nikainua: nyekundu.
Nikashusha: hakuna.
Nikainua. Nikashusha.
Mara saba, na yule mtoto akicheka,
na mimi sikujua niutazame wapi ule weusi mdogo
ulio mahali pa taa.
Plasta nimeibandika ndani ya kofia yangu ya reli. Usiniulize.

Breki ilikuwa chini. Gia, huru.
Mteremko wote hadi stesheni ulikuwa mbele yetu
na gari halikusogea hata unywele.

Hamimu akainama kuchungulia.
"Babu, kuna jiwe."

Najua, nikamwambia.
Liache.